Neno lililomrudisha Germana

Saa moja na nusu asubuhi, kabla karani hajafungua mlango wa mahakama, Elieth Ndahani ameshakaa kwenye benchi la nje, bega kwa bega na mwanamke anayeweza kuwa binti yake. Upepo unapeperusha sketi zao na kuwajaza vumbi kwenye kope. Elieth anamimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, anampa mwenzake, kisha anaanza somo.

"Haya. Alikufanya nini?"

Mwanamke anatazama kandambili zake. "Tulikosana."

"Mlikosana ni nyinyi wawili. Yeye alikufanya nini?"

"Alikasirika."

"Kukasirika si kosa. Mimi nimekasirika tangu jana, umeona nimemvunja mtu mkono?"

Mwanamke anacheka, mdomo ameuziba kwa kanga. Mkono anaouzibia ni wa kulia. Wa kushoto umelala mapajani, umepinda kidogo kwenye kiwiko, kama tawi lililovunjika likaachwa lijiunge lenyewe.

"Sema."

"Alinipiga."

"Kwa sauti. Mheshimiwa anakaa mbali, na feni ya humo ndani ina kelele kuliko mashine ya kukoboa."

"Alinipiga."

"Umeona? Mbingu hazijaanguka."

Mwanamke huyo tumwite Germana, ingawa si jina lake. Ana miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Chemba, Msandawe. Ameolewa upande wa Bahi, kwenye familia ya wafugaji na wakulima wa mpunga. Leo anaiomba mahakama ya mwanzo ivunje ndoa yake na impe mwanawe, Loisi, mwenye miaka minne, ambaye amebaki kwa babu na bibi yake tangu mama alipokimbia.

Elieth si wakili wake. Si ndugu yake. Kwenye jalada la shauri hili jina lake halimo popote.

"Mimi ni msindikizaji," anasema. "Nasindikiza kama watu wanavyosindikiza maiti. Huwezi kumfufua, lakini humwachi aende peke yake."

Elieth ana miaka arobaini na minane. Ni fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule kwenye kibanda kilicho jirani na nyumba anayopanga mtaa wa Area D. Januari, shule zinapofunguliwa, anaweza kupata laki mbili na zaidi. Miezi mingine haifiki nusu ya hiyo. Humo humo hutoka nauli ya kwenda mahakamani, chai ya chupa, na mara nyingi chakula cha mwanamke aliyelala sakafuni kati ya cherehani na marobota ya vitambaa.

Miaka sita iliyopita shirika moja dogo lilimfundisha kazi ya usaidizi wa kisheria. Mfadhili alipoondoka shirika likafunga ofisi, likauza meza na viti. Wanawake hawakuambiwa kwamba mradi umekwisha. Waliendelea kuja, wakimuulizia Mama Stanley, yaani Elieth kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Anajua mambo madogo ambayo mgeni wa mahakama hayajui. Kwamba ukiingia unainamisha kichwa. Kwamba humjibu mumeo hata akikutukana, unamjibu Mheshimiwa tu. Kwamba choo cha wanawake kina ufunguo, na ufunguo uko kwa mlinzi. Kwamba shauri likiahirishwa si kwamba umeshindwa. Hakimu kaenda semina, au mmoja wa washauri wa mahakama kafiwa.

Shauri la Germana limeahirishwa mara nne.

Kabla ya hapo kulikuwa na baraza la usuluhishi la kata, maana sheria haikuruhusu kwenda mahakamani kuomba talaka kabla wazee hawajajaribu kuwapatanisha. Wazee walijaribu sana. Kila kikao kiliisha kwa Germana kurudishwa nyumbani akiwa mbele na mumewe nyuma. Kwenye kikao cha mwisho mjumbe mmoja alimtania, "Mama Loisi, mkono huo mbona bado unasonga ugali?" Baraza zima likacheka. Ndipo wakaandika kwamba wameshindwa kuwapatanisha.

Ushahidi ni haba. Siku mkono ulipovunjika, aliyempeleka Germana zahanati ni mama mkwe wake, akakaa naye hadi mwisho, akajibu yeye maswali ya mganga. Kadi inasema mgonjwa alianguka kisimani.

Na kaka yake, Nikolaus, ambaye aliuona mkono ule kwa macho yake, hatakuja kutoa ushahidi. Alioa kwa ng'ombe wale wale walioletwa kumtolea mahari Germana. Ndoa ya dada ikivunjika, ng'ombe watadaiwa, na ng'ombe wameshakuwa mke na watoto watatu.

"Kwa hiyo tumebaki na mdomo wake tu," Elieth anasema. "Mdomo wake ndio shahidi, ndio kadi, ndio kila kitu."

Ndiyo maana ya somo la asubuhi. Katika miaka yake sita Elieth amegundua kwamba wanawake wengi hufika mbele ya hakimu wakiwa na makovu, bila neno la kuyataja. Mmoja atasema mume "alinionya". Mwingine atasema "shetani alimpitia". Mwingine, aliyepoteza meno mawili, alisema mumewe "hana mkono mwepesi". Nyumbani maneno hayo humsitiri mtu. Mbele ya hakimu humvua nguo aliyeumizwa, yakamfunika aliyeumiza.

Lipo jambo jingine, ambalo Elieth halisemi mpaka aulizwe mara mbili. Mdogo wake, Anastazia, alikwenda mahakamani peke yake, miaka mingi kabla ya mafunzo yoyote. Alipoulizwa kilichomleta, alilia. Aliambiwa akanyamaze nje kwanza. Akatoka nje, akanyamaza, akapanda gari akarudi kwa mumewe.

"Yuko hai," Elieth anasema. "Yuko huko Kolo, analima alizeti. Sikio la kushoto halisikii. Ukitaka kuongea naye unakaa kulia."

Mlango unafunguliwa. Watu wanaanza kuingia.

Hapo ndipo Wilbert, mume wa Germana, anapotokea upande wa barabarani, shati limepigwa pasi. Hayuko peke yake. Amemshika mkono baba yake, Mzee Silvano, mtu mrefu aliyepauka kwa jua, mwenye koti la suti na fimbo ya mchungaji. Anamwongoza taratibu kama anayempeleka altareni.

Germana anawaona, anashuka kutoka kwenye benchi mpaka magotini, hapo hapo vumbini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

Mzee anapita. Germana anainuka akiwa amevuta kanga hadi juu ya macho. Elieth anamtazama, na uso wake mwenyewe unabadilika.

"Ameleta baba yake," ananong'ona. "Mshenzi huyu ana akili. Ameleta baba yake."

Katika nyumba aliyoolewa Germana, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Njiani akikutana naye humpisha na kuinamisha kichwa. Na mambo ya chumbani, ya mke na mume, hayatamki hata kwa fumbo mzee akiwa karibu, maana kuyatamka ni sawa na kumvua nguo mzee huyo. Germana ameishi hivyo miaka minane. Hakuna aliyemlazimisha. Ndivyo binti aliyelelewa anavyokaa ugenini.

Mahakama iko wazi kwa kila mtu. Mzee Silvano anakaa benchi la mbele kabisa, hatua chache kutoka anaposimama mtoa ushahidi, mikono yote miwili juu ya fimbo.

Hakimu ni kijana mpole, mgeni wa mkoa huu. Anamuuliza Germana kama anakijua Kiswahili au aitiwe mkalimani.

"Nakijua, Mheshimiwa."

Ni kweli anakijua. Ni lugha yake ya tatu. Nyumbani kwao Chemba walizungumza Kisandawe, kwa mume akajifunza Kigogo, na Kiswahili alikiokota kanisani, kwenye mafundisho ya wazazi, mahali ambapo mtoto mtukutu hachapwi bali *hurudiwa*, na mzazi mwema ni yule *amrudiye* mwanawe.

Taarifa ya baraza la kata iko mezani. Imeandika, pamoja na mengine, kwamba mdaiwa ana tabia ya kuondoka na ng'ombe kwa miezi, kisha hurejea.

"Ieleze mahakama," hakimu anasema. "Mumeo alikufanya nini?"

Feni inalia. Elieth, benchi la nyuma, midomo yake inacheza bila sauti. Germana anatazama sakafu, pale ilipogota ncha ya fimbo ya mzee.

"Alinirudi."

"Sijasikia. Alikurudia?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mara moja?"

"Mara nyingi."

"Na kila alipokurudia, wewe ulifanya nini?"

"Nilinyamaza."

"Hukumkatalia?"

"Ningemkatalia vipi, Mheshimiwa? Ni mume wangu."

Hakimu anatikisa kichwa kwa kuelewa, anaandika.

Kwenye benchi la nyuma Elieth ameshasimama, mkono juu, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Karani anamwona kwanza. Anamuonyesha kwa kiganja akae. Elieth hakai.

"Mama," hakimu anauliza, "wewe ni nani kwenye shauri hili?"

Elieth anafungua mdomo. Anatafuta jina la kazi yake.

"Ni mdai?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Shahidi?"

"Hapana."

"Basi?"

"Si mtu, Mheshimiwa."

"Basi kaa, mama yangu. Ukisimama tena nitakutoa nje."

Elieth anakaa. Kule mbele Germana anaulizwa kama ana la kuongeza. Anasema hana.

Kiswahili ni lugha tajiri, na utajiri wake siku hiyo ulikuwa wa kuua. Kumrudi mtu ni kumwadhibu, ili ajue adabu. Kumrudia mtu ni kurejea kwake, mkawa kitu kimoja. Kati ya fimbo na mapatano kuna irabu moja tu mwishoni. Germana alipoulizwa kwa sauti ya upole, na lugha ni ya kuazima, hakuisikia. Alichojibu yeye ni kwamba alipigwa mara nyingi, akanyamaza. Kilichoandikwa ni kwamba mume alikuwa akiondoka, akarejea mara nyingi, na mke akampokea.

Nje, kwenye kivuli cha tangi la maji, Elieth anamshika mabega.

"Germana. Tulilisema neno lile asubuhi yote. Limekwenda wapi?"

"Baba mkwe alikuwepo."

"Najua alikuwepo!"

"Ningelisemaje, Mama Stanley? Mbele ya baba mkwe? Kwamba mwanawe…" Anashindwa kumaliza. Hata hapa, mzee akiwa umbali wa kurusha jiwe, anashindwa. "Lakini nilisema. Nilisema alinirudi. Si ni hilo hilo?"

Elieth anafungua mkoba, anaufunga.

"Ni hilo hilo, mwanangu," anajibu.

Mzee Silvano anakuja polepole, fimbo ikitangulia. Germana anageukia ukutani. Mzee anamsemesha Elieth.

"Ndiye wewe, mama wa mjini? Unayewafundisha wake za watu maneno?"

"Neno moja tu, baba. Na hata hilo hakulisema."

"Ah." Mzee anatazama mgongo wa mkwewe, na sauti yake inalainika, haina kejeli hata chembe. "Ana adabu huyo. Nilijua tumeoa mtoto mwenye adabu." Kisha, kwa mgongo ule ule: "Loisi anakuulizia, mwanangu. Kila siku anauliza mama kaenda wapi."

Hukumu ilisomwa wiki chache baadaye. Ilikuwa fupi, yenye lugha safi. Mahakama iliona kwamba mdai kwa kinywa chake mwenyewe amekiri kupatana na mdaiwa kila alipoondoka na kurejea, na kwamba ndoa yenye kusameheana namna hiyo haijavunjika kiasi cha kutorekebishika. Maombi yalitupwa. Kuhusu mtoto, mahakama haikuona haja ya kusema neno, kwa kuwa wazazi wake bado ni mke na mume.

Germana alisikiliza hadi mwisho. Alimuuliza Elieth kitu kimoja tu: "Nilikiri lini?"

Jioni hiyo alikunja nguo zake kwenye kibanda cha cherehani, akafagia vipande vya vitambaa sakafuni, akaomba msamaha kwa usumbufu. Elieth alimsihi angoje, kuna rufaa, sheria inatoa siku arobaini na tano. Germana alisema Loisi haijui rufaa. Asubuhi alipanda gari la Bahi.

Elieth aliipeleka hukumu kwa wakili mmoja anayejitolea. Wakili aliisoma akiwa amesimama. "Mama, hapa mteja wako ndiye aliyesema walipatana." Elieth akamweleza habari ya irabu. Wakili akakaa. Aliisoma tena, kisha akasema, "Rufaa haisikii sauti. Inasoma. Na kilichoandikwa ni hiki." Hata hivyo alikuwa tayari kujaribu, kwa sharti kwamba mdai mwenyewe aje, aseme anataka, aweke sahihi.

Simu ya Germana haikupatikana. Elieth alikwenda hadi Bahi kwa basi, akamalizia kwa bodaboda. Alipokewa vizuri kwa viti na maziwa, na mama mkwe aliyekaa katikati yao muda wote. Germana alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, kwenye joto lile. Walizungumzia mvua.

Siku arobaini na tano zikapita.

"Watu wanadhani kazi hii inakuchosha kwa sababu ya kupigwa," Elieth anasema, mguu wake ukikanyaga cherehani polepole. "Habari za kupigwa nimeshazoea kuzisikia. Kinachoniua ni kwamba sikumpoteza kwa uongo. Angeshindwa kwa uongo wa mumewe ningelala. Alishindwa kwa adabu yake."

Wapo majirani wanaomwambia aache. Mumewe, Daudi, fundi wa baiskeli asiye na maneno mengi, humwambia hivyo pia, kwa njia yake. "Mama Stanley," alimtania siku moja, "hata Bwana Mungu alipumzika, na yeye alikuwa anaumba. Wewe unabomoa ndoa za watu." Kisha akainuka akamjazia chupa ya chai.

Hajaacha. Lakini somo amelibadili.

Alasiri hii, kwenye kibanda cha cherehani, kuna kiti cha plastiki kimewekwa mbele ya marobota, na juu yake amekaa Mzee Ludovick, katekista mstaafu wa mtaani, mwenye miaka sabini na kitu, koti la suti mwilini na bakora mikononi. Elieth alikwenda kwake na ombi ambalo hakuwahi kuombwa na mtu: aje awe baba mkwe.

Mbele yake amesimama mwanamke mwenye shauri mwezi ujao.

"Shikamoo, baba," mwanamke anasema, na magoti yanaanza kushuka yenyewe.

"Usipige magoti!" Elieth anafoka kutoka kwenye cherehani. "Babu, mtazame. Mtazame kwa ukali, mbona umesinzia?"

"Sijasinzia, nasali."

Wanawake wawili wanaosubiri mlangoni wanaangua kicheko. Mwanamke aliyesimama anacheka pia, kisha kicheko kinakatika, maana mzee amenyanyua uso na sasa anamtazama kweli.

"Sema, mwanangu," Mzee Ludovick anasema.

"Ali…"

Anashika pindo la kanga, anaanza upya.

"Ali…"

Wiki ya kwanza hakuna aliyefika mwisho wa neno. Wiki hii mmoja amefika, kwa sauti ya chini kuliko ya sindano, na mzee akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Alipoivaa alisema, "Nimesikia, na sijafa." Elieth anadai hiyo ndiyo hukumu pekee aliyoipenda mwaka huu.

Mpango wake hauishii kibandani. Sheria inamkataza yeye kusema. Haimkatazi mzee kukaa. Kwa hiyo Mzee Ludovick atakwenda naye mahakamani, atakaa benchi la mbele, kati ya mtoa ushahidi na mkwe yeyote atakayeletwa. Mwanamke akiinua macho atauona kwanza uso ambao neno lile limeshafika kwake, na haukuvunjika.

Ni mpango wa kushonea upepo, na yeye anajua. Mzee ana presha. Mgongo wake hauwezi bodaboda. Mahakimu ni wengi na Ludovick ni mmoja.

Simu inaita juu ya meza ya cherehani. Namba ngeni. Elieth anasikiliza, kisha anasimama, anatoka nje ya kibanda, kidole kwenye sikio la pili.

Ni Germana. Ameazima simu ya jirani, yuko majarubani, kwenye mpunga.

"Mama Stanley. Nimesikia una mzee."

"Ninaye."

"Anakaa mbele?"

"Mbele kabisa."

"Hata baba mkwe akiwepo?"

"Hasa akiwepo."

Upepo unavuma kwenye simu, au ni pumzi. Kisha, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeweka chini mzigo ili asivunje kilichomo, Germana anasema, "Alinipiga. Juzi. Na kabla ya juzi. Alinipiga."

Elieth anaegemea ukuta.

"Nimesikia, mwanangu."

"Nimelisema vizuri?"

"Umelisema vizuri sana."

"Basi niulizie tarehe. Nitakuja na Loisi. Niulizie tarehe ya mahakama."

"Nitakuulizia."

Simu inakatika. Elieth anabaki nje, uso ameuelekeza upande wa Bahi.

Tarehe haipo. Muda wa rufaa umepita. Kabla ya rufaa inabidi kuomba kwanza kuongezewa muda, na anayeomba kuongezewa muda lazima aeleze kilichomchelewesha, na Elieth hajui kama kuna sheria yoyote inayoitambua sababu hii: baba mkwe alikuwepo. Kesho asubuhi atakwenda kwa wakili kuuliza.

Hayo hakumwambia Germana. Anarudi ndani, anamgeuza mwanamke aliyekuwa amesimama mbele ya mzee, anamnyoosha mabega kama anayepima shati.

"Tena," anasema. "Alikufanya nini?"